Jina Lenye L Mbili

Tangazo la mkutano wetu lilibandikwa sehemu tatu mjini Shinyanga: mlangoni pa posta, kwenye ukuta wa maktaba, na kwenye dirisha la duka la vipuri vya baiskeli. Lilisema kwamba wote wanaoijua lugha ya Besiki, au wanaotaka kuijua, wanakaribishwa Jumamosi na Jumapili katika darasa la shule ya msingi iliyokuwa likizo, na kwamba kila mshiriki aje na sahani na kijiko cha kura.

Jumamosi asubuhi wazee wanne walifika wamevaa makoti, wakauliza wagombea ni akina nani.

"Ni kula," mwenyekiti wetu aliwaambia. "Kula chakula, wazee wangu."

"Mbona hapa pameandikwa kura?"

"Aliyeandika ni Msukuma."

"Na wewe je?"

"Na mimi Msukuma. Ndiyo maana nilisoma nisione kosa."

Wawili waliondoka wakinung'unika. Wawili walibaki kungoja chakula, na mmoja wao akaja kuuliza maswali mazuri kuliko sisi wote.

Mwenyekiti alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba. Alijifunza Besiki peke yake, kwa kitabu kilichosahauliwa na wataalamu waliokuja kufunga mashine wakaondoka. Hakuna aliyemlipa, na sisi wengine pia hatukulipwa. Tulifagia darasa wenyewe, tukachota maji wenyewe, tukasafirisha kompyuta tatu kwa baiskeli, zimefungwa kwenye magodoro ili zisipasuke kioo. Kiingilio kilikuwa kidogo, na aliyekikosa alileta michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Kufikia saa tatu asubuhi kona ya darasa ilikuwa na gunia zima la michembe, na yeyote aliyechoka kusikiliza alikwenda kutafuna.

Besiki ni lugha ya kuiandikia kompyuta maagizo, mstari baada ya mstari, nayo inayafuata bila kuuliza. Ukiiambia ijumlishe, inajumlisha. Ukiiambia itafute, inatafuta. Ukiiambia upuuzi, inatenda upuuzi kwa bidii ileile. Nililipenda jambo hilo kuliko kitu chochote nilichowahi kukutana nacho, na nilikuwa nimekutana na vingi kwa sababu sikuwahi kutulia. Niliacha shule nikiwa darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza. Siku moja nilikwenda stesheni kutazama treni ikipakia ng'ombe, nikapanda nione wanashushwa wapi, nikarudi baada ya miezi minne. Baadaye nilichunga, nikapaka rangi magari, nikazungusha winchi kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, kati ya Runzewe na Geita. Besiki niliikuta katika lile duka la vipuri. Nilikuwa nimeshusha mzigo wa tairi, nikaona kioo chenye maandishi ya kijani, nikauliza ni nini. Aliyenijibu ni mkwe wa mwenye duka, mama kijana wa familia ya Wahindu iliyoishi Shinyanga tangu enzi za babu zao. Nilimwita dada. Alinieleza mpaka duka likafungwa, na kesho yake nikarudi bila mzigo.

Wakati wa mkutano nilikuwa nafanya kazi katika kituo cha afya cha wamisionari karibu na Runzewe. Walikuwa wamepewa kompyuta kuukuu na hawakuwa na mtu wa kuitumia. Machimboni watu walikuwa wakifukiwa kila mvua iliponyesha, na ndugu zao walikuja kutoka mbali wakiuliza, na wauguzi walipekua karatasi huku mgonjwa mwingine akivuja damu pembeni. Nikaandika programu. Muuguzi alijaza kikaratasi kwa kila aliyeletwa, mzima au maiti: jina, anakotoka, kaumia wapi. Jioni mimi nilichukua vikaratasi nikavipiga kwenye kompyuta. Ndugu akija, unaandika jina, kompyuta inatafuta. Ikilipata inakuonyesha habari zake. Isipolipata inaandika neno moja: HAYUPO. Nililichagua neno hilo kwa sababu lilikuwa fupi na lilisikika kama kauli ya mtu anayejua kazi yake.

Programu hiyo ndiyo niliyoileta mkutanoni kwenye diski, pamoja na orodha nzima, ili wenzangu waione ikifanya kazi.

Ilikuwa karibu saa nne. Nilikuwa mbele naeleza, dada amekaa kwenye kompyuta ananipigia herufi, watu kama thelathini wamebanwa kwenye madawati ya watoto. Mama mmoja alisimama mlangoni. Viatu alivishika mkononi, miguu ilikuwa na tope hadi magotini.

"Hodi."

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hospitalini wameniambia hapa kuna mtu mwenye daftari la waliofukiwa."

Mwenyekiti aliinuka kumpa nafasi, naye hakukaa. Alisema anatoka upande wa Songwa, ng'ambo ya mgodi wa almasi. Mwanawe alikwenda kuchimba dhahabu baada ya kuvuna pamba. Juzi kijana wa jirani alirudi kutoka Runzewe akasema duara lao limeporomoka, yeye alikuwa juu, na hakujua nani katolewa na nani kabaki.

"Jina lake nani, mayu?" dada aliuliza. Kisukuma chake kilikuwa safi kuliko changu.

Mama alilitaja. Sitaliandika hapa. Inatosha kujua kwamba lina l mbili, moja mwanzoni na moja katikati. Dada alilipiga kama alivyolisikia. Kompyuta ilikoroma kidogo, kisha neno likatokea.

"Hayupo, mama," nilisema.

"Hayupo kwa waliokufa, au kwa waliolazwa?"

"Orodha ni moja. Wote wamo humo. Yeye hayupo."

"Tazama tena, baba."

Dada alipiga tena, polepole, herufi kwa herufi. HAYUPO.

"Una hakika?"

"Kompyuta haisahau, mama," nilimwambia.

Nilisikia watu nyuma yangu wakiguna kwa kuridhika. Walikuwa wamekuja kuona Besiki ikimsaidia mtu, nao wameona. Mama alishusha pumzi iliyomtoka kwa mkupuo, kana kwamba alikuwa ameishikilia tangu Songwa.

"Kwa hiyo hakuwamo duarani."

"Labda alishahamia Geita," nikasema. "Siku hizi vijana wengi wanakwenda huko, kuna maduara mapya."

Hilo sikuulizwa na sikulijua. Nililisema ili aondoke na kitu. Alitushukuru wote, akamshukuru dada peke yake mara ya pili, akaenda kutafuta gari la kurudi kwao.

Tulikula saa saba. Saa nane kilianza kipindi ambacho mwenyekiti alikuwa amekisubiri kuliko vyote, mjadala wa ujuzi. Swali aliliandika ubaoni kwa chaki: mtu wa Besiki ajue nini? Mwalimu mmoja wa sekondari alisema ajue hesabu. Kijana wa benki akasema apige herufi bila kutazama. Mwingine akasema tusidanganyane, ajue Kiingereza na awe na cheti, la sivyo migodi mikubwa ikija haitamtazama. Watu wakaanza kuvutana kuhusu vyeti, na mimi nikapaza sauti kuliko wote. Nilisema mama yule wa asubuhi hakuuliza cheti changu.

"Kweli," mzee wa koti akasema. "Yule katoka na majibu."

Mwenyekiti akamwomba dada aseme.

"Mimi naona ujuzi ni kujua mtu atakosea wapi," alisema. "Kompyuta haikosei, kwa hiyo kosa lazima litafute mahali pengine pa kukaa. Mwaka jana dukani mteja alikuja kutoka Kahama kufuata tairi. Niliandika tairi, kompyuta ikaniambia hakuna. Nikamrudisha. Jioni napanda ngazi ya rafu nakuta tairi zimejaa hadi darini. Shemeji yenu ndiye aliyeziingiza."

"Kaingizaje?"

"Taili."

Darasa zima lilicheka. Mtu wa kiwandani akasema hata kwao wana orodha mbili, ya lori na ya rori, na dereva ni mmoja. Mzee wa koti akasema yeye kaja kupiga kura akaishia kula. Walicheka hadi wakafuta macho, na mwenyekiti akagonga meza kwa kopo la chaki.

Mimi sikucheka. Nilikwenda kwenye kompyuta, nikaacha programu yangu, nikaifungua orodha yenyewe niisome kwa macho. Ilijaa kurasa sita za kioo. Kwenye ukurasa wa tano nilimkuta. Jina lake, mwanzo r, katikati r. Anatoka: Kishapu, ndiko Songwa iliko. Nyonga na mguu wa kulia. Kalazwa. Aliingia siku moja kabla sijaondoka kuja Shinyanga.

Dada alikuwa amesimama nyuma yangu. Naye aliusoma mstari ule. Kicheko kikaisha safu kwa safu, kila mmoja akimuuliza mwenzake kuna nini. Kule kituoni hakukuwa na simu. Mwenyekiti alinipa baiskeli yake.

Stendi waliniambia gari la Songwa lilishaondoka zamani. Nikashika barabara. Ilikuwa Desemba, udongo mweusi wa huku ukilowa unakuwa kama ugali mbichi. Kila baada ya muda nilishuka kuchokonoa matope kwenye madigadi kwa kijiti. Nilipokuwa nachokonoa nilikuwa najitetea. Nilijiambia muuguzi ndiye aliyeandika vibaya, mimi nilinakili tu. Muuguzi yule si wa huku, angejuaje majina yetu. Lakini kulikuwa na jambo lingine nililolijua kunihusu. Mwalimu wetu wa Kiswahili shuleni alitoka pwani, na kosa lililomchukiza kuliko yote lilikuwa hilo la l na r. Kisukuma hakina r. Mtoto akisema anakwenda kwenye kalamu ya harusi alichapwa, akaambiwa kalamu ni ya kuandikia. Wenzangu walizoea. Mimi niliondoka na woga, na woga ule ukageuka kuwa desturi: kila nilipotia shaka niliandika r. Niliiona kama herufi ya watu waliosoma. L ilinukia mavi ya ng'ombe.

Nilifika jua likikaribia kuzama. Sikuhangaika kuuliza nyumba, sauti zilinielekeza. Uani palikuwa na wanawake wengi, chungu kikubwa motoni, na manyoya ya kuku chini. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda anapasua karanga, akasimama aliponiona.

"Ni yule wa kompyuta," aliwaambia wenzake. "Karibu baba. Umekuja na baiskeli njia yote hiyo? Mleteeni maji."

"Mama, yupo," nikasema.

Mwanamke mmoja karibu na moto alipiga kigelegele. Nadhani alikuwa amekishikilia tangu mchana. Wengine wawili wakamfuata. Iliwachukua muda kuona kwamba mama haitikii.

"Yupo wapi?"

"Yupo kwenye orodha."

Kigelegele kilikatika. Nikasema upesi kwamba yu hai, kalazwa, ameumia nyonga na mguu, na kwamba jina liliandikwa vibaya. Ndivyo nilivyosema: liliandikwa vibaya. Mama hakuuliza nani kaandika. Aliingia ndani akatoka na kanga ya pili na kibuyu cha maziwa mgando.

"Anapenda haya," alisema. "Twende."

Gari la kurudi mjini tulilipata kwa bahati, na dada alikuwa ametutafutia nafasi katika lori la familia yao lililokuwa likipeleka vipuri Kahama alfajiri ya Jumapili. Mkutano uliendelea bila sisi. Baadaye niliambiwa siku ya pili walifika watu wengi kuliko ya kwanza.

Juu ya lori mama alikaa juu ya boksi la minyororo ya baiskeli, kibuyu amekipakata. Tulipokaribia Kahama akanigeukia.

"Nikuulize, baba. Wewe umechunga?"

"Nimechunga, mama."

"Sisi tukipotelewa na ng'ombe, tukamkuta mtu njiani tukamuuliza, anasemaje?"

"Anasema sijamwona."

"Hasemi hayupo."

"Hasemi."

"Hata kama amesimama kilimani anaona mbuga yote, atasema sijamwona. Ili wewe uendelee kutafuta." Alikigeuza kibuyu akakipakata upande mwingine. "Mimi jana nilikuwa nimejifunga niende Runzewe. Nilikuwa na mfuko wangu. Uliposema hayupo nikarudi kuchinja kuku."

Kahama tukadandia lori jingine. Karibu na Masumbwe lilizama kwenye matope, wanaume tukashuka kukata matawi na kusukuma mpaka mchana ukaisha, tukalala hapohapo barabarani. Kila gari lililotupita lilikuwa linatoka tunakokwenda, na mama alimuuliza kila dereva kama mvua inanyesha kule. Nilihesabu kichwani, bila kutaka, kwamba kama angeondoka Jumamosi asubuhi angekuwa ameshafika tangu jana yake.

Tulifika Jumatatu, saa nne. Muuguzi alikuwa kwenye veranda anaanika bandeji zilizofuliwa. Aliniona mimi kwanza.

"Umerudi mapema. Mkutano umeisha?"

"Huyu ni mama yake yule wa nyonga."

Aliacha bandeji, akaifuta mikono kwenye aproni, akamwamkia mama, na alipomaliza kuamkia akabaki amemshika mkono.

"Pole, mama. Ametutoka jana, saa tisa alasiri."

"Jana," mama alisema.

"Jana. Tulidhani atapona, mama. Alikuwa anaongea vizuri hadi mchana. Aliuliza kama kuna mtu wa kwao amekuja."

"Mkamwambiaje?"

"Tulimwambia bado."

Mama alikaa chini palepale kwenye saruji, miguu imenyooka mbele, kibuyu pembeni yake. Hakupiga kelele. Wagonjwa waliokuwa wakiota jua walisogea kumpisha. Muuguzi aliingia ofisini akarudi na kikaratasi alichokichomoa kwenye msumari, kwa sababu ndugu anayechukua maiti alitakiwa kutia dole gumba nyuma yake. Alinipa nimsomee mama, yeye akaenda kutafuta wino.

Ulikuwa mwandiko wake, wa haraka, wa mtu aliyeandika huku amepiga magoti. Jina lilikuwa juu kabisa. L mwanzoni, l katikati. Hakukosea. Alisikia alivyoambiwa na mgonjwa, akaandika alivyosikia.

Nilisimama nimekishika. Mama hakujua kusoma. Muuguzi hakujua lolote kuhusu Jumamosi. Ningeweza kukisoma, nikakigeuza, akatia dole, na kile kikaratasi kingerudi kwenye msumari hadi panya wakitafune.

"Wameandika nini?" mama aliuliza.

"Jina lake."

"Vibaya?"

"Hapa wameandika sawasawa, mama. Mimi ndiye niliyebadilisha. Nilipokuwa nalihamishia kwenye kompyuta."

"Ulibadilisha jina la mwanangu."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nilimwambia kwamba nilidhani hivyo ndivyo inavyoandikwa na watu waliosoma. Nilitamani anitukane. Muuguzi alirudi na kidau cha wino, mama akatia dole, akalipangusa kwenye kanga, akainuka kwa kujishika ukutani.

"Yuko wapi?"

Kulikuwa na chumba kidogo nyuma ya jiko. Alikuwa kijana mrefu, shuka halikumtosha. Mama alimfunika kwa kanga ile ya pili, akamfunga taya kwa kitambaa chake cha kichwa. Kisha akaniita, bila kugeuka.

"Njoo ushike miguu. Ule mbovu ushike vizuri."

Niliushika. Muuguzi alishika mabega, tukambeba hadi kwenye gari la wamisionari waliokubali kutufikisha Kahama. Maziwa mama aliyaacha kwa wagonjwa wa verandani.

Tulifika Songwa Jumanne. Niliingia kaburini na jembe pamoja na vijana wa pale, nikachimba zamu yangu na ya mwingine. Baada ya maziko wanaume walikaa upande mmoja wa ua, na mjomba wa marehemu, ndugu wa yule mama, akauliza kifo kilikujaje. Mama alikuwa upande wa wanawake. Alijibu kwa sauti ya kutosha kusikika.

"Muulizeni huyo."

Niliwaeleza kwa Kisukuma, kuanzia darasani. Lugha yangu ilipwaya, nilikuwa nimeiacha barabarani miaka mingi. Kompyuta niliita mashine inayokumbuka. Walinisikiliza vizuri, hakuna aliyenikatiza, hadi nilipofika kwenye herufi.

"Jina lake ni hili," nikasema, nikalitaja. "Mimi niliandika hili." Nikalitaja kwa r zote mbili, nikizikaza ulimi kama tulivyofundishwa.

Mjomba alitazama wenzake.

"Umesema jina lilelile mara mbili."

"Hapana, mjomba. La kwanza ni hili. La pili ni hili."

"Ni hilohilo," akasema kijana mmoja.

"Ni hilohilo," wengine wakasema. Hawakuwa wakinidhihaki. Walikuwa wameinamisha vichwa wakitega masikio, kwa sababu walitaka kujua kilichomuua mtoto wao, na kila nilipolitamka walisikia akiitwa yeye.

"Sasa kama ni jina lake," mjomba aliuliza, "na mama yake kalitaja, na mashine yako inakumbuka, ilishindwaje kumwona?"

Nilitazama upande wa wanawake. Mama alikuwa ametuelekezea uso, anangoja pia.

"Sema tena," mjomba alisema. "Polepole."

Nikasema tena.